Kogălniceanu: mwandishi, waziri, na minyororo ya Iași

Jina lake nilikutana nalo kwanza kwenye habari za vita. Tangu Urusi ivamie Ukraine mwaka 2022, habari zinazoingia kwenye dawati la kimataifa zimekuwa zikiitaja kambi ya anga ya Mihail Kogălniceanu, karibu na mji wa Constanța nchini Romania, jirani na Bahari Nyeusi, ambako wanajeshi wa Marekani na wenzao wa NATO hutua. Nimelinakili jina hilo mara nyingi, huku kale kaalama juu ya "a" kakinisumbua kukatafuta kwenye kibodi, na muda wote huo niliamini ni jina la jenerali fulani. Kambi ya jeshi ingepewa jina la nani tena?

Kumbe ni mwandishi. Mhariri wa jarida la fasihi lililofungiwa baada ya matoleo matatu. Mwanahistoria aliyezuiwa kufundisha. Mwandishi mwenza wa kitabu cha mapishi. Baadaye waziri mkuu, waziri wa mambo ya nje, balozi, rais wa Akademia ya Romania. Waromania wanamkumbuka zaidi kwa siku moja, 9 Mei 1877, aliposimama bungeni kama waziri wa mambo ya nje na kutamka kwamba nchi yao sasa ni taifa huru, haiko tena chini ya Sultani wa Uturuki. Ndiyo maana jina lake liko kwenye viwanja, shule na uwanja wa ndege.

Mimi iliyonishika ni habari nyingine: utumwa.

Shuleni nilifundishwa utumwa wa Kilwa, Bagamoyo na Zanzibar, na ule wa kuvuka Atlantiki. Sikumbuki kuambiwa kwamba ndani ya Ulaya yenyewe, katika nchi ya Wakristo, watu walikuwa wakiuzwa na kununuliwa hadi katikati ya karne ya 19. Ndivyo ilivyokuwa Wallachia na Moldavia, zile nchi mbili ndogo ambazo baadaye ziliungana zikazaa Romania. Watumwa walikuwa Waroma, watu ambao wengi wetu tunawajua kwa jina la Jipsi. (Msomaji usiwachanganye na Warumi, wala na Waromania. Waroma asili yao ni India, waliingia Ulaya karne nyingi zilizopita.) Hati ya zamani zaidi inayojulikana ni ya mwaka 1385: mtawala wa Wallachia anathibitisha zawadi ya familia 40 za Waroma kwa monasteri ya Tismana. Yaani utumwa huu unaingia kwenye maandishi ukiwa mikononi mwa watawa.

Na wenye watumwa walikuwa wa aina tatu: mtawala, monasteri, na makabaila ambao kule waliitwa boieri. Mtumwa aliuzwa, alirithiwa, aliingizwa kwenye mahari ya binti, alitolewa sadaka kanisani ili marehemu aombewe. Wako waliozunguka nchi na vyuma vyao vya uhunzi au dubu wa kuchezesha wakimlipa mwenyewe kodi, na wako waliokaa uani kwa bwana, wakipika, wakifua, wakipiga fidla kwenye karamu. Ikafika mahali neno lenyewe la kumtaja Mroma, țigan, likawa linamaanisha mtumwa. Kwetu sisi Waswahili mkondo wa lugha ulipita upande wa pili: mwungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, na leo uungwana umebaki kuwa tabia njema tu, tumesahau ulikotoka. Kule neno la mtumwa ndilo lililobaki, na hadi leo Waroma wengi hawapendi kuitwa hivyo.

Sasa, katika mji wa Iași, makao makuu ya Moldavia, mwaka 1817, akazaliwa Mihail katika familia ya kikabaila. Baba yake, Ilie, alikuwa mtumishi mkubwa wa dola. Mtoto wa nyumba kama hiyo alikua akihudumiwa na watumwa toka asubuhi hadi usiku, na mitaani aliona mengine ambayo hakuyasahau, nitayafikia. Mwaka 1834 mtawala wa Moldavia, Mihail Sturdza, akampeleka Ufaransa kusoma pamoja na watoto wake mwenyewe, katika mji wa Lunéville. Warusi, ambao ndio waliokuwa na sauti kubwa Moldavia wakati huo, hawakupenda vijana wale wakae Ufaransa kwenye harufu ya mapinduzi. Mwaka uliofuata wakahamishiwa Berlin. Huko Kogălniceanu akahudhuria mihadhara ya Leopold von Ranke, mwanahistoria mkubwa wa zama zile.

Mwaka 1837, akiwa na miaka 20, akatoa Berlin vitabu viwili kwa Kifaransa. Kimoja ni historia ya Wallachia na Moldavia. Kingine ni kijitabu kuhusu Waroma: historia yao, desturi zao, lugha yao.

Nisiseme uongo, kijitabu hicho si kazi ya kushangaza. Sehemu kubwa imeegemea kwa Mjerumani Heinrich Grellmann, aliyeandika juu ya Waroma nusu karne kabla, na pamoja na kunakili habari kijana wetu alinakili pia dharau. Kuna kurasa ambazo Mroma akizisoma leo atakitupa kitabu. Lakini utangulizi wake unauma. Anawashangaa wafadhili wa Ulaya wanaoanzisha vyama vya kupinga utumwa wa Marekani, huku katikati ya Ulaya hiyohiyo mamia ya maelfu ya watu ni watumwa na hakuna anayewalilia. Kumbuka anayeandika ni nani: mwanafunzi anayelipiwa karo na mtawala ambaye dola yake inamiliki watumwa, na anayepokea fedha za matumizi kutoka nyumba ya kikabaila. Aliandika kwa Kifaransa, mbali na nyumbani, kwa wasomaji ambao hawakuwa na cha kupoteza. Unaweza kuuita ujasiri. Unaweza pia kusema ni rahisi kuwa jasiri ukiwa Berlin. Nadhani yote mawili ni kweli, na maisha yake yaliyofuata ni kama jaribio la kuona kama yaleyale yangesemeka Iași.

Alirudi mwaka 1838. Miaka miwili baadaye akaanzisha jarida la *Dacia Literară*, na hapa ndipo wapenzi wa fasihi tunapopaswa kukaa kidogo. Wakati ule magazeti ya Kiromania yalijaa tafsiri, hasa za Kifaransa, nyingine nzuri, nyingi za hovyo. Kogălniceanu katika utangulizi wa toleo la kwanza akasema wazi kwamba fasihi ya taifa haitoki kwenye tafsiri. Historia yetu ina mashujaa, nchi yetu ina milima na mito, watu wetu wana mila zao. Kwa nini tuazime? Na katika toleo hilohilo akachapisha hadithi ya rafiki yake Costache Negruzzi kuhusu Alexandru Lăpușneanul, mtawala katili wa karne ya 16. Hadithi hiyo bado inasomwa na kila mtoto wa shule Romania.

Binafsi kauli yake juu ya tafsiri ilinikwaza. Sisi tumekulia kwenye *Mabepari wa Venisi* ya Mwalimu Nyerere, mwanasiasa mwingine aliyeshika kalamu, na hakuna atakayenishawishi kwamba haikuiongezea kitu fasihi ya Kiswahili. Lakini weka kauli hiyo kando, kwa sababu Kogălniceanu mwenyewe atakuja kuivunja, na atakapoivunja ndipo atakapofanya kazi yake kubwa.

Matoleo matatu, na Sturdza akalifungia jarida. Yuleyule aliyempeleka shule.

Mwaka 1841 yeye na Negruzzi wakatoa kitabu cha mapishi: mapishi 200 ya vyakula, keki na mambo mengine ya nyumbani. Wanahistoria wa fasihi hukitaja kwa tabasamu, kama mapumziko ya vijana wawili waliofungiwa jarida. Mimi kilinifikirisha. Makabaila hawa wawili hawakuwa watu wa kushika mwiko. Jikoni kwa matajiri wa Moldavia wapishi wengi walikuwa watumwa wa Kiroma, na mpishi hodari alikuwa mali ya thamani, aliyefunzwa kwa gharama. Mapishi 200, waandishi wawili. Shika hilo la mpishi, litarudi.

Mwaka 1843 akapewa somo la historia ya taifa kwenye Academia Mihăileană, chuo cha juu cha Iași. Mhadhara wake wa kufungulia bado unanukuliwa. Kozi yenyewe haikupewa nafasi ya kuendelea. Akaanzisha jarida jingine na wenzake, akiwemo mshairi Vasile Alecsandri, wakitaka kuliita *Propășirea*, yaani Maendeleo. Wadhibiti wakalikataa jina hilo. Likatoka likiitwa tu jarida la sayansi na fasihi. Eti maendeleo lilikuwa neno la hatari.

Lakini mwanzoni mwa 1844 Sturdza akafanya jambo ambalo hata mpinzani wake alilazimika kulipigia makofi. Sheria ya 31 Januari iliwaacha huru watumwa wa monasteri na makanisa ya Moldavia, ikifuatiwa na ile ya watumwa wa dola. Kogălniceanu akaandika makala ya shangwe kwenye jarida lile lisilo na jina. Mwaka huohuo, kwa amri ya Sturdza huyohuyo, akakamatwa kwa siasa zake na kupelekwa kufungwa katika monasteri ya Râșca. Fikiria: watumwa wameruhusiwa kutoka monasterini, mwandishi aliyewashangilia ndiye anayeingizwa.

Wale wa makabaila, hata hivyo, waliachwa kama walivyo. Mali ya mtu binafsi haiguswi, hiyo ndiyo ilikuwa hoja. Alecsandri aliwaachia huru watumwa wake mwenyewe, na mwaka 1844 akaandika hadithi ambamo sarafu ya dhahabu inasimulia mikono iliyopitia, na mojawapo ya visa vyake ni cha binti mtumwa wa Kiroma. Wachache wengine walifuata. Wengi walitulia.

Mwaka wa mapinduzi, 1848, nitaupita haraka. Kogălniceanu alikimbilia Bukovina, iliyokuwa chini ya Austria, akaandika ilani ya chama cha wazalendo wa Moldavia. Ilidai mambo makubwa kwa wakati wake. Miongoni mwake lilikuwamo dai kwamba Wayahudi wa Moldavia wapewe haki zao za kiraia hatua kwa hatua. Msomaji likumbuke dai hilo. Harakati zilizimwa, miaka ikapita, akaja mtawala mwingine, Grigore Alexandru Ghica, mtu mwenye moyo wa mageuzi, na Kogălniceanu akarudi nyumbani.

Halafu ikaja riwaya.

*Uncle Tom's Cabin* ya Harriet Beecher Stowe ilitoka kama kitabu Marekani mwaka 1852. Mwaka 1853, yaani mwaka mmoja tu baadaye, tayari ilikuwa imechapishwa Iași kwa Kiromania, ikiwa imetafsiriwa na Theodor Codrescu. Na nani kaandika insha ya utangulizi juu ya historia ya utumwa? Kogălniceanu. Yule aliyesema fasihi haijengwi kwa tafsiri.

Nimejaribu kuwaza namna riwaya ile ilivyosomwa sebuleni kwa kabaila wa Moldavia. Bibi wa nyumba amekaa na kitabu, anafika pale mama mtumwa anapokimbia usiku na mwanawe ili asiuzwe. Machozi yanamtoka. Anapiga kengele aletewe kahawa. Anayeileta ni mtumwa wake, ambaye kisheria anaweza kuuzwa, na mwanawe pia. Hapo hakuna hotuba inayohitajika. Riwaya inayohusu Kentucky na Louisiana ilikuwa inamwambia habari za uani kwake, kwa mlango ambao hoja za magazeti hazikuweza kupita. Insha ya Kogălniceanu mwanzoni mwa kitabu ilihakikisha kwamba msomaji hatajifanya haelewi.

Sidai kwamba riwaya ndiyo iliyovunja minyororo. Ilikuwapo hesabu ya uchumi, lilikuwapo shinikizo kutoka nje, ilikuwapo Vita ya Crimea iliyopindua mizani ya Warusi katika eneo lile. Ila kati ya wale waliozungumza juu ya kuachwa huru kwa watumwa, jina la kitabu hiki halikosekani.

Jina jingine lisilokosekana ni la Dincă, mpishi.

Kogălniceanu ni mmoja wa walioiacha habari yake. Dincă alikuwa mtumwa katika nyumba ya ukoo wa Cantacuzino, mojawapo ya koo kubwa kabisa za nchi, na inasemekana alikuwa damu yao: baba kabaila, mama mtumwa. Alikuwa na elimu, na mapishi ya Kifaransa aliyajua. Wenyewe walisafiri naye hadi Paris, na huko akapendana na msichana wa Kifaransa aliyekuwa mtumishi. Msichana akamfuata Moldavia bila kujua jambo moja, kwamba mchumba wake ni mali ya mtu. Akaolewa na mtumwa naye angekuwa mtumwa, ndivyo sheria ya zamani ilivyotaka. Dincă akaomba aachwe huru. Bibi mwenye mali akakataa. Mwisho wake, mpishi yule akamuua mpenzi wake, kisha akajiua.

Kisa hicho kilitikisa Iași. Sitaki kukigeuza shairi, kwa sababu msichana yule aliuawa, na sioni namna ya kuliweka jambo hilo likawa zuri. Wala halinipiti kwamba kilichowashtua makabaila wale kilikuwa, kwa sehemu, Paris: Mfaransa ameona, Wafaransa watasema. Watumwa wangapi walikwisha kujinyonga kabla yake bila mfadhaiko wowote sebuleni?

Ghica akawaagiza mawaziri waandae sheria, na waliokabidhiwa kuiandika walikuwa Petre Mavrogheni na Kogălniceanu. Tarehe 10 Desemba 1855 kwa kalenda yao ya zamani, yaani 22 Desemba kwa kalenda yetu, watumwa wa watu binafsi Moldavia wakawa huru. Wallachia ikafuata Februari 1856. Kwa jumla, toka sheria za kwanza hadi hizi za mwisho, walioachwa huru inakadiriwa walifika laki mbili na nusu.

Wenye watumwa walilipwa fidia. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu. Tena kodi zilizotozwa kwa wale waliotangulia kuachwa huru zilikuwa zinaingia kwenye mfuko wa kuwalipa mabwana. Wengi walitoka uani bila ardhi na bila zana, wakarudi kwa bwana yuleyule kuomba kazi, au wakajenga vibanda nje ya vijiji ambavyo mpaka leo viko nje ya vijiji. Sisi wa pwani hii tunaijua picha hiyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria huko mwaka 1897, na huko nako waliofidiwa ni mabwana.

Baada ya hapo Kogălniceanu mwandishi anamezwa na Kogălniceanu mwanasiasa, na sina budi kwenda mbio. Mwaka 1859 Moldavia na Wallachia zilimchagua mtu mmoja, Alexandru Ioan Cuza, kuwa mtawala wa nchi zote mbili, na kwa ujanja huo mdogo zikaungana. Kogălniceanu ndiye aliyemkaribisha Cuza kwa hotuba Iași. Oktoba 1863 akawa waziri mkuu. Katika miezi 15 hivi alinyang'anya mashamba ya monasteri, karibu robo ya ardhi ya kilimo ya nchi nzima, na kuyafanya mali ya taifa; kisha, bunge la makabaila lilipogoma kupitisha sheria ya ardhi, Cuza akalivunja Mei 1864 na sheria ikapita bila wao. Kazi za lazima kwa bwana zikafutwa. Zaidi ya familia laki nne za wakulima zikapata ardhi, kwa kuilipia kidogo kidogo kwa miaka 15. Makabaila hawakusamehe. Kogălniceanu aliondoka madarakani mwanzoni mwa 1865, na Februari 1866 Cuza akapinduliwa usiku chumbani kwake, na nchi ikaagiza mwanamfalme Mjerumani.

Hapa ndipo inabidi nirudi kwenye lile dai la 1848 kuhusu Wayahudi, maana kuna wasifu unaolitaja na kuishia hapo.

Katiba ya 1866 ilisema uraia wa Romania unaweza kuombwa na mgeni Mkristo tu. Wayahudi waliozaliwa pale, na baba zao waliozaliwa pale, wakahesabiwa wageni. Mwaka 1869 waziri wa mambo ya ndani alikuwa Kogălniceanu. Chini yake Wayahudi waliendelea kufukuzwa vijijini na kuzuiwa kuendesha vilabu vya pombe huko, na mataifa ya nje yalipolalamika aliwajibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya Romania. Hoja yake ilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya mwenye kilabu anayemkopesha. Mkulima alikuwa na maadui wakubwa kuliko muuza pombe, na Kogălniceanu aliyekuwa ametoka kupambana nao alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nimesoma maelezo ya wanaomtetea, kwamba siasa za wakati ule zilimbana, kwamba wenzake walikuwa wabaya zaidi. Sawa. Lakini aliyeandika kwa miaka 20 kwamba Ulaya ni kipofu kwa mateso yaliyo chini ya pua yake hana udhuru wa kutoona.

Deni hilo likamkuta Berlin. Mwaka 1878, baada ya vita ambayo Waromania walipigana upande wa Urusi dhidi ya Uturuki, mataifa makubwa yalikutana huko kugawana matokeo. Kogălniceanu na waziri mkuu Ion Brătianu waliruhusiwa kuingia siku moja, wakasema maneno yao, wakatoka. Hawakuwa na kiti mezani. Urusi, mshirika wao, ikachukua kusini mwa Bessarabia. Wao wakapewa Dobruja, upande wa baharini, ndiko huko ilipo kambi ya anga ya leo. Na uhuru wao ukatambuliwa kwa sharti: dini ya mtu isiwe sababu ya kumnyima haki. Romania ilikubali kwa mdomo, ikabadilisha katiba mwaka uliofuata, na kuanza kuwapa Wayahudi uraia mmoja mmoja, kwa vipimo vya mwenye duka anayepunja.

Msomaji wa Afrika anaijua nyumba ile ya Berlin. Mwenyeji alikuwa Bismarck, jengo ni kasri lake la ukansela mtaa wa Wilhelmstraße, na miaka sita baadaye, Novemba 1884, alifungua milango hiyohiyo kwa mkutano mwingine, uliojadili bara letu. Waromania waliruhusiwa angalau kuingia na kusema kabla ya kutolewa. Zanzibar haikualikwa.

Mwaka 1880 Kogălniceanu alienda Paris kuwa balozi. Akazeeka, akawa rais wa Akademia, akarudi kwenye historia alikoanzia. Na tarehe 1 Aprili 1891, Akademia ilipoadhimisha miaka 25, akasimama mbele ya mfalme na wakubwa wa nchi, ana miaka 73 na mgonjwa, kuzungumza juu ya mambo matatu: kuachwa huru kwa Waroma, kufutwa kwa upendeleo wa makabaila, na kukombolewa kwa wakulima.

Hapo ndipo alipoyasema aliyoyaona akiwa mtoto. Mitaa ya Iași. Binadamu wenye minyororo mikononi na miguuni, wengine wamefungwa pembe za chuma kichwani zilizounganishwa na pete za shingoni. Akasimulia viboko, njaa, watu kufukizwa moshi, kutupwa uchi kwenye theluji. Ukumbini walikuwamo watoto na wajukuu wa makabaila waliofanya hayo, na si ajabu baadhi yao wakiwa wanayasikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu koo zina namna ya kusahau. Niliposoma hotuba hii niligundua kitu kuhusu kile kijitabu cha Berlin cha 1837. Pembe zile hazimo kwa namna hii ndani yake. Kijana wa miaka 20 alitumia vitabu vya Wajerumani kueleza watu aliokuwa amewaona kwa macho yake. Ilimchukua miaka 54 kuacha kunukuu na kusema: niliona.

Kuhusu Waroma wenyewe alizungumza kwa matumaini, akitaja kwamba miongoni mwa wazao wa watumwa wale sasa wamo wasanii, maafisa wa jeshi, watu wa kila fani. Hakuishi kuuona mwaka 1942, serikali ya Ion Antonescu ilipowahamishia Waroma wapatao 25,000 Transnistria, ng'ambo ya mto Dniester, ambako maelfu walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa. Na juu ya Wayahudi hotuba ile haikuwa na fungu. Mambo yalikuwa matatu tu.

Miezi mitatu baadaye alikuwa Paris kwa upasuaji, na huko akafariki, 1 Julai 1891. Mwili ukarudishwa Iași, ukazikwa kwenye makaburi ya Eternitatea.